Mkanda wa Pili wa Chimala

Soko la Mwanjelwa siku ya Jumamosi halina adabu. Unaingia umevaa sweta, unatoka umelishika mkononi, na usipokuwa makini unatoka bila sweta kabisa. Lea Kalinga alikuwa ameikumbatia pochi yake kifuani kwa mikono miwili, amevaa gauni la kitenge cha rangi ya machungwa lililomkaa vizuri kiunoni, na raba nyeupe ambazo kufika saa nne asubuhi hazikuwa nyeupe tena. Alikuwa ametoka Iringa jana yake kwa kazi moja tu, kutafuta deki. Si ya CD. Alitaka ile ya zamani inayomeza mikanda mikubwa ya video, ambayo watu wengi walikwisha kuitupa miaka ishirini iliyopita.

Fundi wa nne ndiye aliyekuwa nayo. Aliitwa Asukile, na kibanda chake kilijaa redio zilizofumuliwa matumbo. Deki ilikuwa juu ya meza, nyeusi, imefutwa vumbi, taa yake ya kijani inawaka.

"Hiyo hapo!" Lea alisema, nusura apige vigelegele. "Kaka, hiyo naichukua."

"Umechelewa, dada. Ina mwenyewe."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Nyuma yako."

Lea akageuka. Alisimama kijana mrefu aliyevaa ovaroli la bluu lenye pumba za mpunga mabegani, kofia kaigeuza nyuma, uso umejaa tabasamu la mtu aliyesikia kila kitu. Alikuwa mzuri, tuseme ukweli, na alikuwa akilijua hilo. Lea alichanganyikiwa kidogo, na salamu ya kwao ikamtoka yenyewe.

"Kamwene."

"Ahaa, mnyalukolo wa Iringa!" kijana akacheka, akaitikia kwa Kinyakyusa. "Ndaga. Pole na safari, dada. Ila deki ni yangu."

"Unaifanyia nini? Unataka kuangalia harusi ya nani?"

"Na wewe je?"

"Mimi nipo maktaba, Iringa. Tuna mikanda mia tatu na kumi na mbili ambayo haijaorodheshwa hata mmoja. Filamu za hali halisi, siyo maigizo. Kilimo, wakunga, kwaya, viwanda. Zote zimepigwa huku huku kwetu, kuanzia Mgololo kwenye karatasi mpaka Mbarali kwenye mpunga."

Tabasamu likafutika usoni mwa yule kijana.

"Mbarali sehemu gani?"

"Nitajuaje? Si nimekwambia sina deki?"

Akavua kofia yake taratibu. Akasema anaitwa Ambokile, anaishi Chimala, anatengeneza mashine za kukoboa mpunga. Mama yake, Lusia, alifariki yeye akiwa na miaka mitatu, na mwaka uliofuata nyumba yao iliungua na kila kilichokuwa ndani, picha zote zikaenda. Hajui sura ya mama yake. Lakini mama yake mdogo, Damari, aliyemlea, husema kwamba mwaka tisini na tatu walikuja watu wa kamera wakawapiga picha akina mama wakipandikiza mpunga, na Lusia alikuwepo. Tangu apate akili zake, Ambokile anakusanya mikanda ya zamani kwa watu. Mpaka leo ameambulia kipaimara kimoja na harusi tatu za watu asiowajua.

Fundi Asukile akajifanya anatafuta skrubu chini ya meza.

"Kwa hiyo," Lea akasema polepole, "wewe una deki, mikanda huna. Mimi nina mikanda, deki sina."

"Ndivyo ilivyo."

"Na mimi siwezi kukupa mikanda. Ni mali ya maktaba."

Ambokile akaitazama ile deki, akamtazama binti, kisha akaisukuma deki mezani mpaka ikamgusa Lea kiwiko.

"Chukua. Ila ukifika kwenye mkanda wa Chimala, mimi ndiye wa kwanza kuambiwa."

"Na kama hayupo?"

"Uniambie hivyo hivyo, hayupo. Nitaelewa."

Walipeana namba za simu. Lea alipanda basi la kurudi Iringa kapakata deki, na njia nzima hakuangalia dirishani hata mara moja. Alikuwa anafikiria pumba za mpunga kwenye bega la mtu.

*

Maktaba ya Nyanda ilikuwa chini ya Mama Veneranda, mama wa makamo mwenye miwani yenye kamba, suti za kijivu na sauti ndogo iliyowanyoosha watu wazima. Yeye ndiye aliyekuwa akimfundisha Lea kazi.

"Kitabu unakifungua, unasoma ukurasa wa mwanzo, umemaliza," alimwambia siku ya kwanza, akiusukuma mkanda ndani ya deki. "Filamu haifunguki hivyo. Hii lazima uikalie chini. Jina unalitoa kwenye kioo, hulitoi kwenye kasha, maana makasha hubadilishana na watu huandika wanachotaka. Nani ametengeneza, wapi, mwaka gani, lugha gani, dakika ngapi. Halafu unaandika muhtasari, sentensi tatu. Uandike kilichomo, usiandike ulichotarajia kukiona."

Lea akaikalia. Aliangalia bwana afya akieleza choo cha shimo kwa dakika arobaini. Aliangalia magogo ya misonobari yakiingia kiwandani na kutoka karatasi, akasahau hata kunywa chai. Jackline, mwenzake wa kaunta, alikuwa akipita na kumchungulia.

"Shoga, utaota ukungu humo ndani."

"Niache, mkunga anaeleza jambo hapa."

Na kila jioni simu iliita.

"Leo umeniangalizia nini, mama wa mikanda?"

"Nyuki."

"Nyuki tu?"

"Nyuki na mzee mmoja wa Igowole anayeongea nao. Anawasalimia kabisa, 'kamwene', halafu ndiyo anafungua mzinga."

"Wahehe nyie! Mpaka nyuki mnawafundisha Kihehe."

"Nyie wa Mbeya mngewafundisha kujisikia."

Ambokile alicheka mpaka mashine iliyokuwa ikinguruma nyuma yake haikusikika. Zikapita wiki, zikapita miezi. "Dada" ikawa "Lea", "Lea" ikawa "mpenzi", na hakuna kati yao aliyekumbuka ni siku gani hasa. Lea aligundua kwamba muhtasari wake wa sentensi tatu anauandikia mtu mmoja aliyeko Chimala. Hakumwambia Mama Veneranda hilo.

Ijumaa moja ya mwezi wa sita, Ambokile akaja Iringa kwa mara ya kwanza kumtembelea. Na siku hiyo hiyo, kwani dunia ina mambo, Lea akafungua boksi la kumi na tisa na kukuta makasha mawili yameandikwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja: Kilimo cha Mpunga, Chimala, 1993.

Akaweka wa kwanza. Bwana shamba mwenye suruali ya kaki alisimama mbele ya jaruba akaeleza mbolea kwa dakika ishirini na sita. Hakupita mwanamke hata mmoja. Mwishoni palikuwa na ng'ombe.

Saa ilikuwa kumi na nusu. Jackline akaingiza kichwa mlangoni. "Shoga, mgeni wako yuko getini. Kavaa shati jeupe, kanyoa, ananukia mpaka huku. Usipotoka wewe natoka mimi."

Lea akautazama mkanda wa pili. Kasha ni lile lile, jina lile lile, mwaka ule ule. Akachukua kalamu, akaandika kwenye kadi "nakala ya pili", akauweka kwenye boksi la nakala za ziada, zile ambazo maktaba huzigawa shuleni na vyuoni. Akapaka mafuta ya midomo, akatoka.

Walitembea mpaka Gangilonga, wakakaa juu ya mwamba, mji wote uko chini yao na jua la saa kumi na moja halina joto. Hapo ndipo alipomwambia.

"Ambo. Nimeipata ya Chimala. Mikanda miwili." Akameza mate. "Nimeiangalia yote. Hayupo."

Ambokile akaushika mkono wake, akauweka shavuni pake, na Lea akahisi shavu limelowa. Siku hiyo ndipo walipoanza kupendana kweli, si kwa masihara ya simu tena.

Wiki iliyofuata Ambokile akampa mtu mikanda yake yote. Mama mdogo Damari alilia, akasema basi, tumwache dada yangu apumzike.

*

Mwezi wa tisa, chini kabisa ya boksi la mwisho, Lea alikuta daftari la mpiga picha. Lilikuwa na jalada gumu, limeliwa na panya pembeni, na ndani yake kila mkanda umeandikwa mstari mmoja. Alikaa nalo kwa furaha, akilinganisha na kadi zake. Alipofika kwenye mwaka tisini na tatu furaha ikamwisha.

Chimala 1: bwana shamba, mbolea, dk 26.
Chimala 2: akina mama shambani, nyimbo, mahojiano, dk 31.

Alisoma mara tatu. Halafu akaenda kufunga mlango, akakaa sakafuni, akalia kimya kimya kwa aibu.

Mama Veneranda alimsikiliza mpaka mwisho bila kuvua miwani.

"Mikanda mingapi mingine umeiita nakala bila kuiangalia?"

"Arobaini na moja, mama."

"Utaiangalia yote."

"Ndiyo, mama."

"Na huo wa Chimala umeenda wapi?"

Ulikuwa umeenda Igowole, kwenye chuo kidogo cha ufundi. Lea akampigia mkuu wa chuo, Mwalimu Gideoni, akampigia tena, akampigia kila siku wiki nzima. Mwalimu alikuwa mtu wa pole pole, kila mara aliahidi ataingia stoo kesho. Jackline akamgeuza Lea kichekesho. "Gideoni wako hajambo leo?" alikuwa akimuuliza kila asubuhi. Ambokile hakuambiwa chochote. Lea alijipangia kwamba kwanza aupate mkanda, auangalie, ajue mama yumo au hayumo, ndipo afungue mdomo. Kumwambia mtu "nilikudanganya" mikono mitupu hakuweza.

Jumamosi akapanda basi, akaenda Igowole mwenyewe. Kulikuwa na ukungu na baridi ya kuuma meno. Mwalimu Gideoni, mzee mwenye upara na koti refu, alimfungulia stoo, na pale chini ya mbao na makopo ya rangi wakaanza kupekua. Ndipo simu ilipoita. Ambokile.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Niko... niko kazini. Nimebanwa kweli leo."

"Kazini?"

"Ndiyo, mpenzi. Nitakupigia."

"Lea, mimi nimekaa kwenye kiti chako. Nilikuja kukushtukiza. Jackline kaniambia umeenda Igowole kwa Gideoni wako, nikasema ananitania. Nikakupigia ili nicheke."

"Ambo, ngoja, siyo..."

"Binti, nimeupata!" Mwalimu Gideoni akaita kwa nguvu kutoka kwenye kona, na sauti yake nene ya kiume ilifika vizuri sana mpaka Iringa.

Simu ikakatwa. Alipopiga tena, haikupatikana.

*

Siku nne simu haikupatikana. Jackline aliomba msamaha mpaka akakauka, akamtumia Ambokile ujumbe mrefu kwamba Gideoni ni babu wa miaka sitini na tano mwenye wajukuu sita. Jibu lilikuja la mstari mmoja: "Kwa nini basi alisema yuko kazini?" Jackline akamwonyesha Lea ile simu.

Na mkanda nao ulikuwa mgonjwa. Stoo ya Igowole ilikuwa na unyevu, ukungu mweupe umetambaa pembeni mwa utepe wote. Mama Veneranda akamkalisha Lea mezani na pamba na spiriti. Kila siku baada ya kazi aliuvuta ule utepe polepole, akaufuta, akauacha ukauke, akavuta tena.

"Utacheza mara moja," Mama Veneranda akasema siku ya tatu. "Mara ya pili sikuahidi. Unganisha na kompyuta ili ihamishe picha wakati huo huo. Unataka tuucheze sasa?"

Lea akatikisa kichwa.

"Hujui hata kama huyo mama yumo."

"Sijui. Lakini nikimwona mimi kwanza, nitakuwa nimemchukulia mwanawe kitu."

Mama Veneranda akavua miwani, akaifuta, akasaini karatasi ya kutoa vifaa nje ya maktaba. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kuisaini.

Jumapili, baada ya ibada, Lea akashuka Chimala na begi la kompyuta begani na deki kaifunga kwenye kitenge. Joto lilimpokea, na harufu ya pumba. Ambokile alikuwa nje ya nyumba ya mama yake mdogo, kavaa singlendi, anaosha mikono yenye grisi. Alimwona, akaendelea kuosha.

"Umefuata nini?"

"Nimekuja kukwambia uongo wangu. Ule wa Igowole ni mdogo. Kuna mkubwa."

Akamwambia wote, pale pale amesimama juani na mzigo mikononi. Alimwambia habari ya mkanda wa pili, kadi aliyoijaza, na siku ile ya Gangilonga.

Ambokile alisimama wima. "Uliniambia umeiangalia yote."

"Niliangalia mmoja. Wa pili niliangalia kasha."

"Kasha! Mama mdogo alilia wiki nzima kwa sababu ya kasha? Mimi nimegawa mikanda yangu kwa sababu ya kasha? Kwa nini, Lea?"

"Kwa sababu ulikuwa getini," Lea akasema, na machozi yakaanza. "Nilikuwa na haraka ya kukuona. Sina sababu nyingine. Nimetafuta nyingine nimekosa."

Mlangoni akatokea Mama mdogo Damari, mfupi, mnene, bado kavaa gauni la ibada la zambarau. Alikuwa amesikia kila neno, maana dirisha lilikuwa wazi.

"Ambokile. Mgeni anasimama juani na mzigo hivyo? Nani amekufundisha?" Kisha kwa Lea, taratibu zaidi: "Ingia, mwanangu. Huo mkanda unao?"

Walifunga mapazia ya sebule. Lea akaunganisha waya za deki na televisheni, akahakikisha kompyuta inapokea, akasema kwamba huenda hayumo, na huenda mkanda ukakatika. Akabonyeza.

Ilianza mistari, ikaja chenga, kisha ikatulia. Maji ya jaruba yakametameta. Akina mama kama kumi na watano, wameinama, wamekunja kanga mpaka magotini, wanachomeka miche na kuimba. Damari akaanza kuimba nao kwa sauti ndogo, bila kujua kwamba anaimba. Ghafla akanyamaza. Akainuka, akaenda mpaka kwenye televisheni, akaweka kidole kwenye kioo.

"Huyo."

Msichana mwembamba mwenye kilemba chekundu, mtoto mgongoni. Kamera ilimsogelea kana kwamba imemsikia Damari. Mtu asiyeonekana akauliza, "Mama, unaitwa nani?"

"Naitwa Lusia." Sauti nyembamba, yenye kicheko ndani yake. "Na huyu anaitwa Ambokile."

"Mnaimba hivi siku nzima, mtoto analala?"

"Huyu?" Akageuza shingo kumchungulia mwanawe. "Huyu halali. Anasikiliza. Tukinyamaza ndiyo analia, basi inabidi mimi niimbe tu mpaka jioni."

Akacheka, akafuta tope shavuni kwa nyuma ya mkono, akainama tena. Sekunde arobaini, labda hamsini. Dakika mbili baadaye mkanda ukanguruma, ukajikunja ndani ya deki, kioo kikawa cheusi. Lea akaikimbilia kompyuta. Picha zilikuwa zimeingia.

Ambokile alikwisha kutoka nje.

Lea alimkuta nyuma ya nyumba, kaegemea mashine mbovu ya kukoboa, anatazama mikono yake.

"Ni mdogo," akasema. "Mdogo kuliko mimi. Miaka yote nilikuwa natafuta mama, mtu mzima, nimlalamikie kidogo. Kumbe ni binti tu, Lea. Ana miaka ishirini na mbili, ana tope usoni, anaimba ili mimi nisilie."

Hapo akalia kwa sauti, na Lea akamkumbatia, grisi na singlendi na vyote, gauni lake jeupe la Jumapili likapata doa ambalo halikutoka tena. Walikaa hivyo mpaka kuku wakaacha kuwaogopa.

"Nisamehe, Ambo."

"Bado nimekasirika."

"Najua."

"Nimekasirika sana. Nadhani itanichukua mpaka Jumanne."

Lea akacheka huku analia. "Mimi nitasubiri hata Alhamisi."

Ambokile akamshika uso kwa viganja viwili, akamtazama kama anayejifunza sura kwa moyo. "Sikiliza, mke wangu. Ndiyo, nimesema hivyo, usinikatize. Nataka tupigwe picha, mimi na wewe. Shambani, jikoni, tukigombana, tukila. Kila siku, mpaka watoto wetu watuchoke na waseme jamani, tumewaona inatosha. Unakubali?"

Kabla Lea hajajibu, dirisha la sebuleni likafunguka kwa kishindo. Mama mdogo Damari alikuwa na kalamu sikioni na daftari mkononi, macho mekundu, sauti imara.

"Ndaga, asante mwanangu, najua bado hujamjibu, mjibu taratibu tu. Mimi nauliza barua ya posa naipeleka Iringa mtaa gani?"

Lea akajifuta uso kwa kiganja, akapakaa grisi mpaka kwenye paji.

"Ipogolo, mama. Muulizie Mzee Kalinga, mwenye nyumba ya mlango wa bluu. Mje Jumamosi, Jumapili yuko kwaya."